Farasi Waliokwisha Kukimbia

Karo yangu ya chuo niliimwaga kwa farasi wa simu. Farasi wenyewe hawana hata kwato. Kompyuta huchagua mshindi, kisha inakuchorea mbio. Jamaa mmoja wa boda hapa Kilelengwani alinicheka: "Sasa ulikuwa unashangilia nini, na mshindi ashachaguliwa?"

Swali hilo halijanitoka. Huko Kentucky, Marekani, kuna mashine za kubetia mbio za kweli zilizokimbiwa zamani. Majina ya farasi na tarehe hufichwa, wewe unaweka pesa. Septemba 2020 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ilisema mfumo mmojawapo haukulingana na maana ya kubeti iliyo kwenye sheria ya mbio za farasi. Februari 2021 wabunge wakabadilisha maana yenyewe. Mashine zikaendelea.

Kwetu, Agosti 2025 Rais alitia saini sheria mpya ya kudhibiti kamari, ikachukua nafasi ya ile ya 1966. Sawa. Lakini leseni hujibu nani aruhusiwe kuchezesha. Haijibu swali la jamaa wa boda: ni haki kuniuzia nisichokijua, na mwenye mashine anajua vizuri atabaki na ngapi?

Utaniambia hata mkulima hubahatisha. Kweli. Mamangu hupanda mpunga bila kujua kama Tana itafurika ama itapungua. Ila mto haupati faida kwa hasara yake. Na pale ambapo kuna anayejua, yaani wenye mabwawa ya huko juu, Masinga na Kiambere, tunataka watuonye kabla maji hayajafika. Wakinyamaza, hakuna atakayesema ni bahati mbaya tu.

Shekhe ana hukumu yake kuhusu kamari, na mchungaji ana yake. Mimi nasimama hapa: dhuluma huanza pale ujinga wa mmoja unapokuwa mtaji wa mwingine. Basi serikali isiishie kwenye kodi. Ilazimishe iandikwe kwenye skrini, kabla sijabonyeza: kwa kila shilingi 100, mashine hubakisha ngapi kwa wastani.

Ningeacha? Pengine la. Lakini kosa lingekuwa langu lote. Sasa hivi, nikimtazama mamangu akipalilia, sijui nimwombe msamaha wa ujinga ama wa uroho.