Je, Fundi Ana Haki ya Kukisia?

Tuseme, ewe msomaji, redio itumiayo umeme wa nyumbani imeletwa kwa fundi, naye akaifungua akakuta rezista moja imeungua ikawa nyeusi kama kaa. Rezista ni kile kijiti kidogo kiuzuiacho mkondo wa umeme usipite kwa wingi, na kipimo chake huonyeshwa kwa mistari ya rangi: manjano ni 4, zambarau ni 7, na mstari wa tatu ukiwa mwekundu waongeza sifuri mbili, yaani omu 4,700. Lakini moto umezila rangi hizo. Tena joto laweza kuugeuza mstari mwekundu ukaonekana wa kahawia, na hapo 4,700 ikasomwa 470. Mwenye redio amekaa kibarazani angoja. Je, fundi ana haki ya kutia rezista yoyote aliyo nayo, mradi redio ilie?

Wako wasemao kwamba redio ikilia fundi ametimiza ahadi yake. Hoja hii siidharau, kwa maana mwenye redio hakuja kununua elimu. Lakini rezista iliyo ndogo mno hupitisha mkondo mwingi. Redio italia leo, huku transista iliyo karibu nayo ikifa polepole kwa joto. Aidha zipo rezista zilizotengenezwa makusudi zikatike upesi mkondo uzidipo, ili moto usizuke. Atiaye ya kawaida mahali pa hiyo amemwondoa mlinzi mlangoni, na mwenye nyumba hana habari. Naona kosa ndilo hili: kumbebesha mwingine hatari asiyoiona.

Hata hivyo, kukisia na kubahatisha ni mambo mawili. Redio ikiwa na spika mbili, mara nyingi mitambo ya upande wa kulia hufanana na ya kushoto, na rezista nzima ya upande wa pili yatosha kuwa shahidi. Asipoipata pacha, fundi na atafute mchoro. Au aikwangue ile iliyoungua, apime kutoka kila ncha hadi penye ufa, kisha ajumlishe. Au apige hesabu kwa kanuni aliyoitangaza Georg Ohm mwaka 1827: ikiwa volti 12 zapaswa kupungua hapo na mkondo ni ampea 0.01, jibu ni omu 1,200. Na aulize ni nini kilichoiunguza, maana rezista ni nadra kufa peke yake. (Swali hili, nasikitika kusema, husahauliwa na wengi.)

Je, akiyakosa yote? Hapo na amwambie mwenyewe: “Mzee, nimekisia kwa sababu hizi, wala sina hakika.” Uamuzi sasa ni wa mwenye mali. Akikubali, fundi na aanze na kipimo kikubwa, aiunge redio kwa mfululizo na balbu ya zamani ya waya, kisha aiwashe mbele ya mzee, na wote wawili waitazame balbu hiyo kama itafifia au itawaka kwa nguvu.