Shujaa Anapoishiwa Adui

Toleo la kwanza la Captain America lina tarehe ya Machi 1941, na jaladani shujaa anamtandika Hitler ngumi ya taya. Marekani ilikuwa bado haijaingia vitani. Joe Simon na Jack Kirby, vijana wa Kiyahudi waliokuwa wakichora New York, walimpata adui kwanza, kisha wakamuumba shujaa wa kumkabili. Vita vilipokwisha, wasomaji wakapungua na katuni ikafungwa. Mwishoni mwa 1953 shujaa alirudishwa, safari hii awapige wakomunisti, lakini hata mwaka hakumaliza. Nguvu zake zilikuwa zile zile na ngao ni ile ile. Aliyekosekana ni Hitler.

Katika milima ya Fizi, mashariki mwa Kongo, juu ya Ziwa Tanganyika, swali hilo limeulizwa kwa bunduki: adui akiondoka, shujaa anabaki nani?

Aprili 1965 Che Guevara na wenzake wa Kikuba walivuka ziwa kutoka Kigoma wakatua Kibamba, naye akajiita Tatu. Aliwakuta waasi wa Kikongo wenye dawa ya kugeuza risasi kuwa maji. Dawa ilikuwa na masharti: usimguse mwanamke, usichukue cha mtu, usiogope. Aliyepigwa risasi akafa alihesabiwa kuwa amevunja sharti mojawapo. Che aliona ushirikina unaoharibu vita, na kwa upande wa vita alikuwa sahihi. Lakini masharti yale yalibeba wazo ambalo katuni nyingi hazilifikii, kwamba mpiganaji hapimwi kwa ubaya wa anayepigana naye tu. Kuna kipimo kinachomngoja ndani yake mwenyewe, hata kama adui ni mbaya kiasi gani.

Septemba mwaka huo huo mamluki wa Mike Hoare, waliopigania serikali, walishuka Baraka kwa mashua. Angani walisaidiwa na marubani wa Kikuba waliomkimbia Castro na kuajiriwa na CIA. Hivyo Wakuba walipigana na Wakuba kwenye ardhi ya Wabembe, kila upande ukijiona mkombozi kwa sababu upande wa pili upo. Novemba Che akaondoka, na kumbukumbu zake za Kongo zinaanza kwa kukiri kwamba ni habari za kushindwa.

Aliyerudi mlimani ni Laurent-Désiré Kabila, mmoja wa viongozi wa waasi wale. Mwishoni mwa 1967 alianzisha chama cha PRP, na makao yake yakawa Hewa Bora, Fizi. Kulikuwa na shule, zahanati, mashamba ya pamoja na biashara ya dhahabu iliyovushwa ziwani. Kilichoviunganisha vyote hivyo ni jina la adui mmoja, Mobutu, dikteta wa nchi. Taabu ilikuwa kwamba Mobutu alikaa Kinshasa, mbali mno, na kwa miaka mingi jeshi lake liliridhika kuuzingira mlima badala ya kuupanda. Adui wa mbali hamtoshi mtu aliyejengwa kwa ajili ya kupigana. Mlimani kukaanza kutafutwa maadui wa karibu, na wazee waliotuhumiwa uchawi wakauawa na watu wale wale waliokuja kuwakomboa.

Mei 1997 Mobutu alikimbia na Kabila akawa rais. Kwa miaka thelathini jibu lake la kila swali lilikuwa kumwondoa dikteta, na sasa dikteta hayupo. Shughuli za vyama zikapigwa marufuku. Étienne Tshisekedi, aliyempinga Mobutu bila bunduki, akapelekwa kwa nguvu kijijini kwao Kasai. Agosti 1998 washirika waliomfikisha Ikulu, Rwanda na Uganda, wakageuka maadui, na vita vikaanza upya. Pengine nchi nzima ililipa gharama ya mtu aliyemhitaji Mobutu kuliko alivyojua.

Gharama ya kumhitaji adui Fizi iliilipa mara mbili. Septemba 1996, Baraka na Lueba, raia wa Kinyamulenge waliuawa na wapiganaji wa Kibembe. Mwisho wa 1998, Makobola, mamia ya raia waliuawa na RCD, waasi wa vita hivyo vipya, na washirika wao. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010 imeandika visa vyote viwili. Kila upande una majina unayoyataja kwa fahari, na mara nyingi fahari ya hapa ndiyo kilio cha pale.

Hapo ndipo katuni inapodanganya. Joker aliumbwa mwaka 1940 kwa kazi moja tu, kumpinga Batman. Hana bibi, hana shamba, hana mtoto anayemngoja. Mfugaji wa Kinyamulenge wa Minembwe anavyo vyote hivyo, na mvuvi wa Kibembe wa Baraka pia. Kumfanya mmoja wao awe mbaya wa hadithi ni lazima kwanza anyang'anywe maisha yake yote mengine, na unyang'anyi huo hufanyika kwa maneno muda mrefu kabla ya risasi.

Eneo la Kivu, ilipo Fizi, lina hadithi yenye hekima zaidi. Ni utenzi wa Mwindo, wa Wanyanga, ambao Shé-Kárisi Rureke alimsimulia Daniel Biebuyck mwaka 1956. Adui wa Mwindo ni baba yake, Shemwindo, aliyemfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Mwindo anamfuata hadi kuzimu, anampata, halafu hamuui. Anamrudisha nyumbani na kugawana naye utawala. Hadithi ingeweza kukoma hapo. Badala yake shujaa anaua joka aliyekuwa rafiki wa Nkuba, bwana wa radi, na Nkuba anamchukua juu mbinguni mwaka mzima, apigwe na baridi, jua na mvua hadi kiburi kimtoke.

Akishuka, Mwindo hatafuti wa kupigana naye. Anawapa watu wake sheria: walime vyakula vingi, wajenge nyumba nzuri, wasigombane, wasimcheke mgonjwa anayepita kijijini, wamwogope mtawala wao, na mtawala naye awaogope.