Kimya cha Msimulizi katika Waamuzi 19–21

Msomaji wa Kitabu cha Waamuzi anapoifikia sura ya 19 hukabiliwa na swali ambalo uhakiki wa maudhui peke yake hauwezi kulimaliza: je, msimulizi anayesimulia ukatili bila kuulaani ameshiriki katika ukatili huo? Suria wa Mlawi anatolewa nje usiku mjini Gibea, ananajisiwa hadi alfajiri, kisha anaanguka mlangoni, mikono yake ikiwa kizingitini. Katika masimulizi yote hasikiki akitamka neno hata moja. Phyllis Trible, katika kazi yake ya mwaka 1984, aliuona ububu huu kuwa sehemu ya unyama wenyewe, na ni vigumu kumpinga.

Hata hivyo, kimya cha msimulizi si cha aina moja. Matini ya Kiebrania haisemi kwamba mwanamke huyu alikuwa amekwisha kufa Mlawi alipomwamuru ainuke. Tafsiri ya kale ya Kiyunani ndiyo inayotamka kuwa alikuwa maiti. Nyongeza hiyo, ndogo kama ilivyo, inamwokoa Mlawi. Bila hiyo, kisu kinachomkata suria vipande 12 huenda ndicho kilichomuua, na msomaji hana pa kuikwepea shaka hiyo. Isitoshe, katika sura ya 20 Mlawi anatoa ushahidi mbele ya kusanyiko la Israeli: watu wa Gibea walikusudia kumuua yeye, wakamtenda jeuri suria hata akafa. Hasemi ni nani aliyemshika na kumtoa nje. Msimulizi hamsuti, lakini amekwisha kutuonyesha mkono huo, na hukumu imo katika umbali uliopo baina ya masimulizi hayo mawili.

Juu ya ushahidi huo pungufu vinajengwa vita. Wabenyamini 600 wanasalia katika mwamba wa Rimoni, ili wapate wake, Yabesh-gileadi inaangamizwa na kusazwa wanawali 400, kisha mabinti wengine wanatekwa wakicheza huko Shilo (idadi yao haitajwi, msomaji ataitoa mwenyewe katika zile 600).

Kitabu kinafunga kwa kusema kwamba hapakuwa na mfalme. Kauli hiyo huenda ikaieleza Gibea. Haiielezi Shilo, kwa kuwa utekaji ule haukuwa kazi ya wahuni wa usiku: uliamuliwa na wazee wa kusanyiko, ambao hata jibu la kuwapoza baba na ndugu za mabinti walilitayarisha kabla mtu hajalalamika.