Ndevu za Mwanamke na Mpaka wa Uumbaji

Mwanamke akiota ndevu, azitoe au aziache? Wanazuoni wa Kiislamu walibishana juu ya swali hili karne nyingi kabla mashine ya leza haijabuniwa. Imam Tabari, aliyefariki Baghdad mwaka 923, alikaza: mwanamke asibadilishe chochote cha maumbile yake kwa kutafuta uzuri, hata ndevu, hata kwa kumpendeza mume. Aliruhusu tu kinacholeta madhara, kama jino linalomzuia kula au kidole cha ziada kinachomuumiza. Imam Nawawi wa Sham, aliyefariki mwaka 1277, hakukubaliana naye. Kwake, mwanamke aliyeota ndevu au masharubu hana kosa akiyaondoa, tena ni vizuri ayaondoe.

Siku hizi swali hilohilo linaingia kliniki.

Mwaka 1983, Rox Anderson na John Parrish, watafiti wa Boston, walieleza kwamba mwanga wa leza ukipigwa kwa muda mfupi mno unaweza kuunguza kitu kimoja ndani ya ngozi na kuacha salama vilivyo jirani yake. Kwenye nywele, kinachonasa mwanga huo ni melanini, rangi nyeusi ya unywele, na joto lake ndilo linaloharibu shina. Lakini ngozi nyeusi nayo imejaa melanini. Mashine isiyofaa, au mikono isiyojua, humwachia mteja malengelenge na mabaka. Ndiyo maana kwa ngozi nyeusi wataalamu hupendelea leza ya Nd:YAG, yenye mawimbi ya nanomita 1064, ambayo hupita ngozi ya juu bila kuiunguza sana. Kidevu hunyolewa kwanza kwa wembe, macho hufunikwa kwa miwani maalumu, kisha kila pigo huuma kama mpira uliovutwa na kuachiwa, na chumba hunuka nywele zilizoungua. Kwenda mara moja hakutoshi, kwa kuwa leza huzipata nywele zilizo katika hatua ya kukua tu. Hata Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani haikubali watengenezaji wadai kwamba nywele huisha kabisa; wanaloruhusiwa kusema ni kwamba hupungua kwa kudumu.

Kudumu huko ndiko kulikoutia makali mjadala wa zamani. Ndevu zilizotolewa kwa uzi hurudi baada ya muda, lakini shina lililokufa halirudi.

Kuna hadithi mbili ambazo kila anayejadili jambo hili huziegemea. Ya kwanza, iliyopokewa na Abdallah bin Mas'ud, inawalaani wachanja chale za rangi, wanyofoa nyusi na wachonga mwanya kwa ajili ya uzuri, wakibadili alivyoumba Mungu. Ya pili inamhusu Arfaja bin As'ad, aliyekatwa pua vitani. Alitengeneza pua ya fedha ikamtia uvundo, na Mtume akamwambia atumie ya dhahabu, ingawa dhahabu ni haramu kwa wanaume. Baraza la Fiqhi ya Kiislamu la Kimataifa, lililokutana Putrajaya, Malaysia, Julai 2007, lilizifuata zote mbili: kurekebisha kasoro ya kuzaliwa au iliyoletwa na ajali na maradhi kunafaa, kujibadilisha sura kwa matamanio tu hakufai.

Sasa nani anaamua ipi ni kasoro? Mdomo wa sungura hauna utata, maana mtoto huweza kupata shida hata ya kunyonya. Ndevu hazimzuii mwanamke kula wala kuswali. Kinachomuumiza ni macho ya watu na kicheko cha mawifi.

Na maumivu ya namna hiyo yakitosha kuwa hoja, msichana anayejipaka mkorogo naye ana hoja. Amechekwa kwa weusi wake, amekosa mchumba, naye anateseka kweli. Tofauti ya kwanza ni ya kitabibu: mkorogo wenye zebaki huharibu figo, wenye steroidi hukondesha ngozi, ilhali leza iliyofanywa vizuri haina madhara hayo. Ya pili ni nzito zaidi. Mwenye ndevu anaomba afanane na wanawake wenzake, ila mpaka mkorogo anaikimbia rangi ya mama yake na dada zake. Tukilikubali ombi lake, weusi wenyewe umekuwa ugonjwa.

Hapo ndipo Nawawi na Tabari wanapohitajiwa wote wawili. Kwa mwanamke mmoja anayelia mbele ya kioo, huruma ya Nawawi inatosha: atoe ndevu zake, asitiriwe akitibiwa, asitishwe kwa laana. Kwa jamii inayomtazama, ukali wa Tabari unafaa zaidi, kwa sababu unakataa kuuhesabu mwili wa mtu kuwa kosa. Suratul Hujurat, aya ya 11, inawakataza wanawake kuwacheka wanawake wenzao, na wanaume vivyo hivyo. Masheikh wanaoulizwa kuhusu leza waifikishe aya hiyo kwa mawifi, wachumba na wauza krimu pia, badala ya kumwachia hukumu yote muulizaji.

Na mwanamke ambaye ndevu zimeanza kumwotea, hasa kama zimekuja ghafla, aanze kwa daktari. Mara nyingi chanzo ni homoni, na leza haikitibu chanzo hicho.