Nyumba Mpya na Amri ya Saba

Je, mtu wa Lubumbashi akinunua nyumba mpya yenye shamba kando ya njia ya Kipushi, hati ya Serikali yamtosha mbele ya Mungu? Tangu sheria ya mwaka 1973 ardhi yote ni mali ya Serikali, naye mnunuzi hupewa haki ya kuitumia tu. Lakini labda mjane alikuwa akilima mahindi pale, akafukuzwa bila malipo. Mnunuzi atasema: «Kosa ni la aliyeuza.» Abrahamu hakununua hivyo shamba la Makpela: alimlipa Efroni shekeli 400 za fedha mbele ya watu wa mji. Basi, «Usiibe» yamdai mnunuzi aulize kabla ya kulipa: Nani alilima hapa? Asiyeuliza kwa kuogopa jibu, dhamiri yake imekwisha kumjibu.