Amana Mikononi mwa Tara Markov

Kuna katuni ya Kimarekani ya mwaka 1984 ambayo nimeirudia mara nyingi kuliko inavyompasa mtu mwenye mvi. Inatuonyesha vijana wakiwa kwao, wanafanya mazoezi, wanataniana, hawana habari. Tunawaona kupitia macho ya msichana mwenzao, na ndani ya macho hayo kumevalishwa lenzi zinazopiga picha. Akimtazama huyu, picha. Akimgeukia yule, picha. Nilipoisoma mara ya kwanza nilikuwa kijana, nikakimbilia kurasa za mapigano. Siku hizi nakwama hapo kwenye macho.

Hadithi yenyewe ni The Judas Contract, yaani Mkataba wa Yuda. Marv Wolfman aliiandika, George Pérez akaichora, na kampuni ya DC ikaitoa katika matoleo ya 42 hadi 44 ya Tales of the Teen Titans, kisha ikamalizikia kwenye toleo nene la mwaka huo. Titans walikuwa kundi la vijana wenye nguvu za ajabu. Wengine walikuwa wasaidizi wa mashujaa wakubwa, kama Robin wa Batman. Wengine walibuniwa na Wolfman na Pérez walipolifufua kundi mwaka 1980, kama Cyborg, kijana nusu mtu nusu chuma, na Starfire, binti mfalme wa sayari ya mbali. Alikuwapo pia Garfield Logan, kijana wa rangi ya kijani anayeweza kugeuka mnyama yeyote, mwenye mzaha usiokwisha kama walivyo wengi waliofiwa na wazazi mapema.

Tara Markov aliingia mwishoni mwa mwaka 1982. Tulimkuta anataka kulipua Sanamu ya Uhuru ya New York, huku akilia kwamba magaidi wamemlazimisha. Ana miaka kumi na mitano, anaamuru udongo na mawe vimtii, ana meno ya mbele yaliyochomoza. Meno hayo Pérez aliyachora kwa makusudi. Hakutaka msichana mrembo wa kawaida wa katuni. Alitaka mdogo wetu, yule mwenye mdomo mchafu na roho safi. Garfield alimpenda papo hapo. Wenzake walimpokea, wakamfundisha, wakamwonyesha sura zao nyuma ya barakoa. Na katika toleo la 34, la mwaka 1983, ukurasa ukafunguliwa tukamwona yuko na Slade Wilson, muuaji wa kukodiwa, aliyerithi mkataba wa kuwamaliza Titans kutoka kwa mwanawe aliyekufa akijaribu kuutimiza. Alikuwa mtu wa Slade tangu siku ya kwanza. Sisi tulijua. Garfield hakujua.

Wasomaji wengi walingoja atubu. Ndivyo kawaida ya hadithi hizi: binti mwovu analainika, upendo unamponya, anajiunga na wema kabla ya ukurasa wa mwisho. Wolfman na Pérez wameeleza kwamba tangu walipombuni walikwisha kukata shauri: atasaliti, atakufa, hatatubu.

Hapo ndipo panaponisumbua, wala si kwa sababu ya huzuni. Ni hilo neno lenyewe, kusaliti. Je, Tara aliwasaliti Titans?

Swali linaonekana la kipuuzi, lakini hebu tulishike. Kiswahili chetu kina jasusi, kina mnafiki, kina msaliti, kina mhaini, na hatuyachanganyi ovyo. Jasusi wa adui anayekamatwa mpakani hatumwiti msaliti. Alikuwa mtiifu, ila si kwetu. Msaliti ni wa kwetu aliyetoka. Wengi wetu tulikutana na Brutus katika tafsiri ya Mwalimu Nyerere, na kinachouma kwa Brutus ni kwamba alimpenda Kaizari kweli, akaingiza kisu akiwa bado anampenda. Hata Yuda mwenyewe, ambaye hadithi hii imeazima jina lake, alikula na bwana wake na kutembea naye, na Mathayo anasema alijuta akarudisha vile vipande thelathini vya fedha. Tara hakujuta, hakurudisha, hakuwahi kumpenda hata mmoja wao. Mtu hatoki mahali ambapo hakuwahi kuingia. Kwa hesabu hiyo jina la hadithi lina walakini, na Tara ni jasusi hodari aliyefanya kazi aliyotumwa.

Hoja hiyo ni safi, nami niliishikilia kwa miaka. Sasa naiona ina tundu.

Mwanafalsafa Annette Baier, katika makala yake ya mwaka 1986 kuhusu kuaminiana, anatoa mfano wa majirani wa Immanuel Kant waliokuwa wakipanga mambo yao kwa kuangalia mzee huyo anapita saa ngapi. Siku akilala akapitiliza, wangechukia kidogo, saa yao imeharibika. Lakini wasingeweza kusema kwamba amewasaliti. Walimtegemea, hawakuwa wamemwamini. Nami naitegemea daladala ya alfajiri vivyo hivyo, na isipokuja namtukana dereva, basi. Kumwamini mtu ni jambo jingine. Ni kumwekea kitu chako mahali anapoweza kukuumiza, ukiwa na matumaini kwamba hataki.

Baier aliandika kwa Kiingereza, ikambidi alifafanue hilo kwa kurasa nyingi. Sisi tunalo neno moja linalolibeba: amana. Kuamini, imani, uaminifu na amana vyote vimetoka shina moja la Kiarabu, na amana ni kitu unachomwachia mwenzako akutunzie. Ukimwamini mtu, umemwachia amana. Sasa fikiria mtu aliyepokea amana yako huku tayari moyoni ameamua kuila. Je, deni lake ni dogo kuliko la yule aliyeipokea kwa nia njema kisha akashindwa na tamaa? Hakuna mzee wa baraza atakayekubali hivyo. Deni halikuanzia moyoni mwake. Lilianza pale aliponyosha mkono akapokea. Nia yake ni shauri lake na Mungu wake.

Mama yangu alicheza upatu kwa miaka mingi na wanawake wa mtaani. Kijumbe wao alikuwa rafiki yake, mwanamke mcheshi, na mwaka mmoja zamu ya mama ilipofika kijumbe hakuonekana, wala fedha. Barazani wanawake walibishana juma zima: alipanga tangu mwanzo, au alibanwa na shida? Waliosema alipanga walidhani wanamfariji mama, maana kama alikuwa mwizi tangu siku ya kwanza, basi hapakuwa na urafiki wa kuulilia. Mama aliwasikiliza akiwa anachambua mchele. Mwisho akasema, “Alinishikia mtoto.” Mtoto huyo ni mdogo wangu, aliyekuwa na homa usiku ule kijumbe alipokesha naye. Hakusema zaidi, akaendelea na mchele wake.

Kwa hiyo nasema Tara alisaliti, ingawa hakupenda. Kila mara Garfield alipomweleza jambo, alipokea. Na ukitazama jinsi Slade anavyowanasa Titans mmoja mmoja, utaona alichopokea kilikuwa nini hasa. Slade alishawahi kupambana nao uso kwa uso asiwaweze. Safari hii hakuhitaji nguvu. Cyborg alipigwa na umeme kutoka kwenye kiti chake mwenyewe alipojibwaga kupumzika. Garfield alikuwa akijibu barua za mashabiki, akalamba gundi ya bahasha kuifunga, na gundi ilikuwa na dawa. Ni mtu aliyekuwa sebuleni mwenu peke yake ajuaye kwamba wewe hulamba bahasha. Watu wa pwani walimjua msaliti wa namna hiyo zamani, katika kisa cha Fumo Liongo, ambaye mikuki haikumfanya kitu mpaka wa damu yake mwenyewe alipokuja na sindano ya shaba. Kikulacho ki nguoni mwako, ndiyo, lakini tuangalie pia kwamba ki nguoni kwa sababu nguo tulimvalisha sisi.

Ningeweza kuishia hapa, hukumu imetoka. Lakini mwisho wa hadithi unakataa.

Slade ana mwana mwingine, Joseph, asiyeweza kusema, ambaye akikutana nawe macho kwa macho huingia mwilini mwako na kuutumia. Macho tena. Joseph anaingia mwilini mwa baba yake, na mikono ya Slade inawafungua Titans. Tara anaona hivyo, anaelewa jambo moja tu: Slade amenigeuka. Anapandwa na wazimu. Anarusha mawe kwa wote, kwa Slade pia, hata jengo zima linashuka na kumfukia yeye mwenyewe. Maneno ya msimulizi yanatuhimiza tusitafute sababu: msichana huyu alikuwa chuki tupu, hakuna wa kulaumiwa ila yeye.

Nimeyasoma maneno hayo mara nyingi na sikubaliani nayo. Mwandishi anasema hivi, michoro ya mwenzake inasema vingine. Mtu aliye chuki tupu angeona Slade amebadilika, angeng'amua kwamba mambo yameharibika, angekimbia. Tara alilia kama aliyeibiwa. Yule aliyewadharau Titans kwa ujinga wa kuamini watu, kumbe naye alikuwa amemwekea mtu amana, yote aliyokuwa nayo, mahali pamoja. Na hakuna awezaye kusalitiwa ila aliyeamini.

Tumzungumzie na huyo aliyemwekea amana. Slade ni mtu mzima mwenye nywele nyeupe na wana wa kuzaa. Tara ni binti wa miaka kumi na mitano, kisha kumi na sita. Kitabu kinatuonyesha akiwa kwa Slade usiku, amejipaka rangi usoni, sigara mkononi, na hakituachi na shaka kubwa juu ya kilichokuwapo kati yao. Mwaka 1984 mambo haya yalisomwa kama ushahidi wa uovu wa msichana: tazama jinsi alivyoharibika! Ni mwanamume gani leo mwenye binti nyumbani atakayeisoma picha hiyo hivyo? Mtoto akiwa mikononi mwa mtu mzima ni amana kuliko amana zote, wala haihitaji mkataba. Slade alimpokea, akamtumia. Na angalieni dunia ilivyowalipa hawa wawili. Tara alipewa kaburi na sifa ya kuwa kichaa. Slade alipendwa na wasomaji hivi kwamba mwaka 1991 alipewa jarida lake mwenyewe, kwa kalamu ya Wolfman yule yule, akawa muuaji mwenye heshima zake, na kwa miaka mingi ni wachache waliouliza.

Simwondolei Tara deni kwa kusema hivi. Aliwafunga wenzake wauawe, na alifurahi. Lakini daftari la madeni lina kurasa nyingi, na msimulizi wa 1984 alitufungulia ukurasa mmoja akauweka jiwe usipeperuke. Waliokuja baadaye walijaribu kuurekebisha, na sipendi sana walivyofanya. Katika katuni ya televisheni iliyoanza mwaka 2003, Tara anatubu, anajitoa mhanga, anageuka jiwe. Inaliza, kweli. Lakini pale swali lote limekwisha kumezwa: akishatubu amekuwa wa kwetu tangu mwanzo, na sisi hatuna tena kazi ya kufikiri tumfanyeje asiye wa kwetu aliyekula kwetu.

Titans wa Pérez walikabidhiwa kazi hiyo. Walimtoa chini ya mawe wakamzika. Tara alikuwa na kaka, Brion, mtoto halali wa yule mfalme wa Markovia aliyemzaa Tara nje ya ndoa, naye pia ni shujaa katika kundi jingine. Walikubaliana asiambiwe. Brion aliamini kwamba dada yake alikufa kishujaa akiwa na wenzake, mpaka baadaye Batman alipomweleza ukweli. Na ndani ya mnara wao Titans walisimamisha sanamu yake pamoja na za wenzao waliokufa. Ulikuwa uongo, na mtu mnyofu anaweza kuulaumu. Brion alikuwa na haki ya kujua. Mimi hujikuta namtazama Garfield. Yeye ndiye aliyepoteza zaidi katika mkataba ule, naye ndiye aliyepita mbele ya sanamu ile kila siku asiiangushe.

Kijumbe wa mama yangu aliacha kwetu sufuria. Alikuwa ameileta na pilau siku mbili kabla ya kutoweka, na ilikuwa sufuria nzuri, nzito, kubwa kuliko zetu. Sisi watoto tulitaka itumike. Mama aliiosha, akaifunika kwa kipande cha kanga, akaipandisha juu ya kabati. Tulipohama mtaa aliifunga kwenye mizigo pamoja na vyombo vyetu, na kila aliyeigusa aliambiwa aiache, ina mwenyewe.