Paa la Nyumba na Majani Yasiyo na Mizizi

Mhubiri, katika sura ya 10, mstari wa 18, anena habari za mtu mlegevu ambaye paa lake laharibika hata mvua yaingia nyumbani mwake. Hasemi ya kwamba tufani ilikuja, wala adui. Ulegevu peke yake ulitosha.

Sisi tukaao milimani, katika Usambara au miteremko ya Kilimanjaro, jambo hili twalijua kwa macho yetu. Mahali penye ukungu na kivuli, juu ya vigae na hata juu ya bati kuukuu, huota majani madogo sana ya kijani, laini kama manyoya ya kifaranga. Hayana mizizi ya kweli. Hujishikiza kwa nyuzi nyembamba, na maji huyanywa kwa majani yenyewe. Hakuna aliyeyapanda, upepo huyaleta kama vumbi. Mwenye nyumba huyatazama akasema, “Yapendeza.” Lakini hushika maji kama sifongo. Chini yake kigae hakikauki, bati hushikwa na kutu, mifereji huziba, maji hupenya chini ya vigae, na mbao huoza polepole.

Tena wakati wa kiangazi hunyauka, nasi twadhani yamekufa. Mvua ya kwanza ikinyesha, huwa kijani tena. Je, si ndivyo zilivyo dhambi zetu? Wivu kati ya ndugu, pombe ya siri, deni tusilotaka kulipa: wakati wa Kwaresima hukauka, na baada ya Pasaka twaziona zimechipuka palepale.

Katika usharika mmoja tuujuao kanisa lilianza kuvuja juu ya madhabahu. Wazee walikuwa tayari kuchangisha fedha za paa jipya. Ndipo kijana mmoja mwenye bidii akapanda na koleo la chuma, akakwangua kwa nguvu toka chini kwenda juu. Jioni majani yalikuwa yameondoka, lakini vigae vingi vilikuwa vimepasuka, na usiku ule kanisa lilivuja kuliko kwanza.

Kisha aliitwa mwashi mzee. Kwanza alitenga mfereji na tangi, uchafu usiingie katika maji ya kunywa. Alilaza ngazi juu ya paa, uzito wake usivunje kigae. Akachukua brashi isiyo ya chuma, akaanza kileleni na kushuka, kwa njia ileile ipitayo mvua. Maana vigae hulaliana, naye apigaye brashi kwenda juu huviinua.

Alipomaliza alisema, “Kazi bado.” Akaonyesha mti uliolifunika paa. Mti huo ulipandwa na wazee wa kwanza, na chini yake watu husalimiana baada ya ibada. Wengi walinung'unika. Naye hakuung'oa, ila alikata matawi yaliyozuia jua. Mwisho alipigilia ukanda wa zinki karibu na kilele, toka upande huu hata upande huu. Kila mvua inyeshapo, maji hupita juu ya zinki, huchukua sehemu ndogo isiyoonekana, na kuteremka nayo. Na majani yale hayawezi kuivumilia. Basi mvua ileile iliyoyalisha sasa yayazuia.

Ndugu, tujifunze. Amwonyaye ndugu yake kwa ukali aweza kuondoa kosa na kuuvunja moyo. Mtume Paulo, katika Wagalatia 6, atuagiza upole. Tena, toba isiyogusa matawi tuyapendayo haidumu. Labda ni urafiki fulani, labda ni desturi ya nyumbani, nayo yazuia nuru. Na hata tukisha kukata, twahitaji kitu cha juu kisichotoka kwetu. Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, Luther alifundisha kwamba maji ya Ubatizo yana maana ya kila siku: mtu wa kale afishwe kwa toba, na mtu mpya afufuke. Maji hayo hayana nguvu yenyewe. Neno la Mungu lililo pamoja nayo ndilo litendalo. Tukikaa chini ya Neno hilo, hata siku za masumbuko, zilizokuwa zikilisha manung'uniko yetu, zitatusafisha.

Nanyi walimu na wainjilisti, msingoje maji yadondoke juu ya madhabahu. Kabla ya masika, pandeni mkatazame paa la kanisa. Na kabla ya kulala, kila mmoja wetu atazame la kwake.

Bwana, aliye kichwa cha Kanisa, atusafishe toka juu hata chini. Amina.